Vitufe Vilivyokuwa Vitupu

Shangazi alibonyeza kitufe cha kwanza, akangoja. Kimya. Akabonyeza cha pili, na cha tatu, kisha akakipitisha kipanya juu ya vyote harakaharaka, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo. Vitufe vilikuwa vimejipanga kwenye skrini safu kwa safu, vya rangi ya kijivu, bila neno hata moja juu yake. Akageuka kumtazama mwanawe wa kiume, kisha akamtazama binti wa kaka yake, na mkono wake ukapanda wenyewe hadi shingoni, penye kitambaa chepesi kilichofunika tundu alilokuwa akipumulia tangu atoke hospitalini.

Walikuwa katika chumba chake cha kushonea. Cherehani ilikuwa imesogezwa ukutani ili kuipisha meza ya kompyuta, futi ya kupimia ikining'inia kwenye mgongo wa kiti, na vipande vya kitambaa vimejaa ndani ya kapu chini ya dirisha. Kwa miaka mingi wateja walikuja pale kupimwa nguo na wakachelewa kuondoka, maana Shangazi alishona kwa mikono na kuongea kwa mdomo bila kazi moja kuizuia nyingine. Aliwatania juu ya viuno vyao, akawauliza habari za waume zao, akawasema waliochelewa kuja kuchukua nguo. Kisha uvimbe ukaota kooni, na madaktari wakamwambia wazi kwamba kisanduku cha sauti kingeondolewa chote. Atapona, atakula, atashona. Kusema kwa sauti ile aliyozaliwa nayo, basi tena.

Ndipo binti wa kaka yake alipomwandikia programu. Ukoo mzima ulimwita Konokono, jina alilopewa na Shangazi mwenyewe tangu utotoni kwa sababu alikuwa akila taratibu, akivaa taratibu, na akifunga kamba za viatu kana kwamba anadarizi. Kuandika programu alijifunza peke yake, kwa kusoma na kukosea, na sasa alikuwa akiishi kwa kazi hiyo, akiandikia maduka ya dawa na karakana programu ndogondogo za kukaa kwenye kompyuta ya mezani. Hii ya Shangazi ilikuwa nyepesi kueleza. Ni kurasa za vitufe. Unabonyeza pa kurekodi, unasema neno lako, unaandika juu ya kitufe neno lenyewe. Siku nyingine ukikibonyeza, kinalisema kwa sauti yako.

Kabla ya upasuaji Shangazi alijifungia chumbani humo na kipaza sauti, akarekodi siku nyingi. Karibu ndani. Geuka nikupime mgongo. Nguo haijawa tayari, na usininunie. Kila alipomaliza alisikiliza alichorekodi, na kila kitufe kilisema. Akaenda hospitalini ametulia, kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake na kuujaribu.

Sasa vitufe vilikuwa vitupu, na koo lililosema maneno yake halikuwa na sauti tena.

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Yeye walimwita Injinia, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzungukia ofisi za watu akiwawekea kompyuta na kuzitengeneza. Alisema kwamba programu ilikuwa imefunguka vizuri tu, haikulalamika, haikuganda, na kwamba jana yake alikuwa ameisafisha kompyuta na kuipanga ili mama akiketi mbele yake asihangaike. Alipofika kwenye neno kuisafisha, akanyamaza mwenyewe.

Shangazi alichukua kibao chake cheupe, akaandika kwa herufi kubwa: ZIMEPOTEA?

Mkono wa Konokono ulitaka kukamata kipanya na kubofya huku na huku, kufungua na kufunga, kuzima na kuwasha. Akauweka mapajani.

"Sijui, Shangazi," akasema. "Bado sijui. Naomba kwanza asiguse mtu."

Shangazi akafuta kibao kwa mkono wa gauni, akaandika: Konokono huyu. Lakini hakutabasamu.

Mlangoni alikuwa amesimama mume wa Shangazi, ambaye wote walimwita Mzee. Alisoma kibao kutoka pale alipo, akatazama skrini, akaondoka bila neno, na baada ya muda wakasikia spana ikigonga bomba la uani. Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Mtu huyu na mkewe walikuwa wamebishana kwa furaha maisha yao yote, kuhusu chumvi, kuhusu majirani, kuhusu upande gani wa dirisha ufunguliwe. Tangu mkewe arudi, Mzee alikuwa ameacha kusema. Alimwambia Konokono sababu yake mara moja tu, jikoni, akiwa amempa mgongo: haoni haki kumsemesha mtu asiyeweza kumjibu. Basi kutwa nzima alitafuta kitu cha kukaza. Nyumba iliyokuwa na sauti mbili haikubaki na moja. Ilikosa zote, na wote walikuwa wakiingoja siku hii ya vitufe.

Konokono alivuta kiti akaketi mbele ya kompyuta. Kwanza alichomoa waya wa mtandao. Alimweleza Shangazi kwa nini, kwa kuwa Shangazi hakupenda mambo ya kufichana: kama faili zimefutwa, huenda bado zimo ndani ya diski, kama alama za chaki kwenye kitambaa ambacho hakijafuliwa. Lakini kila kitu kipya ambacho kompyuta inakiandika kinaweza kukalia palepale zilipo. Kwa hiyo isipakue kitu, isijisasishe, itulie.

Kisha akafungua folda ambamo programu huweka sauti, iliyoitwa Sauti, iliyokaa ubavuni mwa programu yenyewe. Ilikuwa tupu. Akatazama kwenye pipa la taka la kompyuta. Palikuwa na picha za zamani na mafaili ya mitindo ya nguo, basi. Akaamuru kompyuta itafute faili zozote za sauti. Ikazunguka, ikazunguka, ikaleta nyimbo chache za Injinia alizowahi kuziacha humo.

"Nimeua sauti ya mama yangu," Injinia akasema taratibu, kana kwamba anasoma mahali.

"Hujaua kitu. Hatujui lolote bado. Niambie ulifanya nini, hatua kwa hatua. Sikuulizi ili nikushike, kaka. Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye uliyekuwapo."

Mtu anayetafuta kosa katika programu ana kishawishi cha kuuliza nani kaharibu. Ni swali linaloridhisha moyo na kufunga midomo ya wengine, na mara nyingi huondoka na jibu ambalo ungelihitaji. Konokono alikuwa amejifunza kuuliza kitu kingine: nini kilichobadilika kati ya siku ilipofanya kazi na leo. Injinia akaanza kukumbuka, akihesabu kwa vidole. Alifuta programu za michezo ambazo hazikuwa na kazi. Aliongeza ukubwa wa maandishi ili mama asisumbuke macho. Alifuta ikoni zote za zamani zilizojazana kwenye skrini, akaweka mpya, chache, kubwa. Folda ya Sauti hakuigusa, hata kuifungua. Angeapa kwa chochote.

Konokono alimwamini, na kumwamini kukamwacha pabaya zaidi, maana kama hakuna aliyefuta, faili zilikwenda wapi?

Akaamua kuijaribu programu yenyewe, kwa faili moja ndogo tu, akijua kwamba hata hiyo ina hatari yake. Alibonyeza pa kurekodi, akasema mbele ya kipaza sauti, "Hili ni jaribio," akaandika neno jaribio juu ya kitufe cha mwisho. Kikasema. Akafungua folda ya Sauti, na faili ilikuwamo, mpya, peke yake katika chumba kitupu. Programu ilikuwa inahifadhi inavyopaswa. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu bila kugusa kitu. Shangazi aligonga meza kwa kalamu, akaandika: Umelala?

"Nashangaa tu, Shangazi. Imekubali."

Kitu kilichomshangaza kilikuwa hiki. Folda ile ilikaa mahali ambapo mfumo wa kompyuta huweka programu zake, na mahali pale mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika kitu, asije akaharibu. Kwenye kompyuta yake mwenyewe Konokono alikuwa akiijaribu programu ikiwa ndani ya folda zake za kazi, alikokuwa na uhuru wote, na kwa hiyo hakuwahi kulifikiria hilo. Lakini hapa ilipaswa kukataa. Mbona imekubali?

Akamgeukia Injinia. "Hii ikoni mpya uliyoiweka. Uliiwekaje?"

"Kawaida. Nimeipa mamlaka ya msimamizi, ifunguke nayo kila mara. Kazini ndivyo tunavyofanya kwa programu zote. Ukiipa ukubwa mwanzoni, haikusumbui baadaye na mambo ya ruhusa."

"Na ile ya zamani haikuwa nao."

"Ile uliyoiweka wewe? Hapana. Ilikuwa ya kawaida tu."

Konokono aliifunga programu. Hakutumia ikoni. Alikwenda taratibu hadi ndani ya folda ya programu, akaitafuta programu yenyewe, na kuifungua kama Shangazi alivyokuwa akiifungua kabla ya kwenda hospitalini, bila ukubwa wowote.

Vitufe vikajaa.

Vilijaa safu baada ya safu, kuanzia juu, maneno yakitokea moja moja kama taa za mtaani zinapowaka. KARIBU. GEUKA. BADO. KESHO JIONI. MKONO MREFU AU MFUPI. USININUNIE. Kitufe cha mwisho kiliandikwa jaribio, maandishi ya Konokono mwenyewe, baada ya maneno yote ya Shangazi. Injinia aliinama mpaka kidevu chake kikagusa bega la mama yake. Shangazi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na hakuna aliyethubutu kubonyeza.

Konokono alifungua tena folda ya Sauti ili azione. Mlikuwa na faili ile moja ya jaribio. Nyingine hazikuwamo.

Akatazama programu, akatazama folda. Programu ilionyesha kwamba inasoma sauti kutoka humo. Folda ilisema kwamba humo hamna.

"Kwa hiyo inazisoma wapi," Injinia akauliza, "hewani?"

Shangazi akaandika: Bonyeza.

"Nivumilie kidogo," Konokono akamjibu. "Nikishajua zilipo, nitabonyeza mpaka unikataze."

Alijua kwamba kitu unachokiona bila kujua kinatoka wapi unaweza kukipoteza bila kujua kimekwenda wapi. Alikuwa na programu nyingine ndogo kwenye flashi yake, kazi yake kuchungulia kila faili ambayo programu fulani inaigusa na kuiandika kwenye mstari wake. Akaiwasha, akafungua ukurasa mmoja wa vitufe, na mistari ikateremka kwenye skrini kama mvua. Akaisoma mmoja mmoja kwa kidole. Programu iliomba folda ya Sauti. Na pale, kwenye mstari uliofuata, mfumo wa kompyuta uliichukua njia ile na kuigeuza kimyakimya, ukaielekeza kwingine kabisa: ndani ya eneo la Shangazi mwenyewe humo kompyutani, kwenye folda iliyofichwa, chini ya folda iliyofichwa, mahali ambapo mwenye kompyuta hana sababu ya kuingia maisha yake yote.

Alikwenda huko, jina baada ya jina. Alipoifungua ya mwisho, faili zikajitandaza mpaka chini ya skrini na kuendelea.

Sasa akaelewa, na alipoelewa hakuona fahari. Aliona haya kidogo, na zaidi ya haya aliona kitu kama heshima. Siku zote zile programu yake ilikuwa ikifanya kosa, kosa la kawaida kabisa la watu wanaoandika programu za mezani: ilikuwa ikijaribu kuandika mahali isiporuhusiwa. Mfumo ungeweza kuikataa. Shangazi angesema maneno yake yote, na yangeanguka chini. Lakini kuna mtu mahali fulani, ambaye Konokono hatamjua kamwe, aliyewahi kukaa na kufikiria programu za watu kama yeye, zilizoandikwa bila kujua, na wenye kompyuta kama Shangazi, wasio na namna ya kujua. Akaamua kwamba kosa kama hilo lisimwadhibu mtu. Mzigo ukiletwa kwenye mlango usioruhusiwa, usitupwe. Uchukuliwe, upelekwe chumba cha nyuma cha mwenyewe, uwekewe jina, na kila mara programu itakapouulizia, upewe kana kwamba ulikuwa palepale. Na pasisemwe neno.

Ila programu ikija na ukubwa, mfumo huiamini kwamba inajua inachofanya. Huipeleka kwenye folda halisi, tupu, na ile ya nyuma hauionyeshi.

Aliwaeleza hivyo, kwa maneno machache. Injinia akakaa chini, sakafuni, akaegemea kapu la vitambaa.

"Yaani zilikuwepo wakati wote," akasema. "Nilizipita juu."

"Mimi ndiye niliyeziweka pasipo mahali pake. Wewe ulikuja na cheo tu."

Shangazi alitikisika mabega. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu upasuaji. Hewa ilitoka kwenye kitambaa cha shingoni kwa mikupuo midogo, bila mlio, na macho yake yakajaa maji.

Konokono akanakili faili zote kwenye flashi, kisha kwenye flashi nyingine, akiangalia kila moja imefika. Baada ya hapo akazihamishia mahali panapoonekana, ndani ya nyaraka za Shangazi, akaibadilisha programu iwe inaandika huko bila kupitia mlango usio wake. Injinia alimsomea majina ya folda kutoka sakafuni na hakuharakisha. Walipomaliza, Konokono alinyanyuka, akampisha Shangazi asogee mbele ya skrini.

Shangazi hakubonyeza mara moja. Alisogeza kipanya kutoka ukurasa hadi ukurasa. Konokono alikuwa amemtengenezea kurasa za kazi na za kliniki, akadhani hizo ndizo zote, lakini zilipokwisha ukafuata ukurasa mwingine ambao hakuujua. Shangazi alikuwa ameufungua mwenyewe, akauita NYUMBANI. Vitufe vyake vilikuwa vingi kuliko vya kazi, na vimeandikwa kifupi, kama alama ambazo mtu anajiwekea mwenyewe.

Akakibonyeza kimoja, sauti ikiwa chini.

"Wewe, umekula?" spika ikasema.

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na mkwaruzo wake wa asubuhi, na ule mpandisho wa mwishoni ambao ulifanya swali liwe nusu amri. Nyuma yake ilisikika saa ya ukutani, na mtu akipita barabarani akikohoa. Mwanamke mwenye sauti hiyo alikuwa ameketi mbele yao, mdomo umefungwa, kiganja kikiwa juu ya spika, akihisi inavyotetema. Injinia alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Konokono alijua kila mstari uliokuwa ukifanya kazi pale, alijua faili inasomwaje na inageuzwaje kuwa mtetemo, na kujua kote huko hakukumsaidia chochote. Alisimama tu, nywele za mikono zimemsimama, kama mtu aliyeingia kwa bahati mahali panapopaswa kuvuliwa viatu.

Kisha Shangazi akapandisha sauti ya spika hadi mwisho. Akatafuta kwa makini, akapata alichokitaka, akabonyeza.

"We mzee, mbona kimya? Ukinyamaza hivyo najua umevunja kitu."

Uani, spana ikaacha kugonga.

"Sijavunja kitu," Mzee akajibu, kwa ile sauti yake ya kulalamika ya kila siku. "Nakaza hili bomba tu, kwani..."

Akakatika. Walisikia chuma kikianguka kwenye saruji, kisha hatua, mwanzoni za polepole, halafu si za polepole. Akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji, suruali imeloa magotini. Alimtazama mkewe, mdomo wake. Akatazama zile spika mbili ndogo juu ya meza.

"Rudia," akasema.

Shangazi akabonyeza. Mzee alisikiliza mpaka neno la mwisho, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza injini aliyoizoea ikiwaka baada ya kulala muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akapangusa mikono kwenye shati, akavuta kigoda cha kukalia wateja, akaketi mbele ya mkewe, goti kwa goti.

"Basi sikiliza," akaanza. "Bomba lenyewe halina kosa. Mpira wake wa ndani ndio umekwisha, na nilikwambia toka mwaka jana umekwisha, ukasema nimeukaza vibaya. Sasa mimi siwezi kukaza kitu kilichokwisha..."

Akaendelea. Alikuwa na maneno mengi yaliyolimbikizana, na yote aliyatoa, ya bomba, ya jirani aliyeazima ngazi, ya chumvi ya jana. Shangazi alimkazia macho, kidole kimetega juu ya kipanya, akivipitia vitufe mstari kwa mstari, akitafuta pa kumkatiza.